Mpagazi wa Kariakoo: kisa cha safari ya vitambaa na mume asiyeshona

Kisa hiki ni chetu wenyewe, mimi na mume wangu, na nilimwomba ruhusa kabla sijashika kalamu. Akasema, "Andika, ila usitie chumvi. Na pale niliponuna, sema nilinuna." Basi nitasema alinuna, na mbele nitasema nani mwingine alinuna.

Nashona mifarishi ya viraka hapa Bagamoyo. Kwa asiyeujua, mfarishi ni tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Kisha tabaka zote zinapigwa mishono inayozama kutoka juu hadi chini ili pamba isikusanyike pembeni nguo ikifuliwa. Mume wangu ni fundi wa mashua. Hajawahi kukalia kiti cha cherehani, hana nia ya kukikalia, na akinikuta nakata kanga mpya vipande vipande hugeuza uso kama aliyeona pesa zinachanwa. Tumekaa pamoja miaka 27 bila hilo kutuletea neno. Lililotuletea neno ni siku moja ya Kariakoo.

Nakichambua kisa hiki kama tunavyofanya na nguo iliyoharibika. Hufumui yote, unatafuta uzi ulikatikia wapi.

Siku yenyewe

Kila baada ya miezi michache huenda Dar es Salaam kununua vitambaa. Si mbali, kilomita 70 hivi, na siku zote huenda na shoga yangu ambaye naye hushona. Safari ile shoga alifiwa, akaenda msibani. Nilitaka kuahirisha, lakini nilikuwa na oda ya mfarishi wa kitanda cha futi 5 kwa 6, mteja ameshatoa nusu ya hela, na sharti lake lilikuwa moja: pamba tupu, juu, kati na chini, kwa sababu ya joto la kwetu. Usiku, mume wangu akasema, "Usijali, mama watoto. Nitakupeleka."

Lishikeni hilo neno "nitakupeleka". Nitalirudia.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Anayeijua Kariakoo ameshacheka. Tulitoka saa 1 asubuhi badala ya saa 12, tukakuta foleni kuanzia Tegeta, tukabadilisha gari Makumbusho, na tulipotia mguu Kariakoo ilikuwa saa 4 na nusu, jua limeshachachamaa.

Duka la kwanza nilikaa dakika 40. Nasema dakika 40 kwa sababu yeye alizihesabu. Mimi ningeapa zilikuwa 10. Duka lilikuwa jembamba kama kichochoro, vitenge vimepangwa hadi darini, na mahali pa kukaa hapakuwapo. Akasimama mlangoni. Akisogea ndani anazuia wateja, akirudi nje wasukuma mikokoteni wanamkemea, "Njia! Njia, mzee!" Nikatoka na kitenge kimoja.

Duka la pili wakasema hawakati, ni jumla tu. La tatu hivyo hivyo. La nne wanakata, lakini yadi 2 kwenda juu. Kila nilipotoka nilimkabidhi mfuko. Kufikia adhuhuri alikuwa na mifuko mitano, na swali aliloniuliza lilikuwa moja tu: "Hiki cha buluu na kile cha buluu tulichokiacha kule, tofauti yake nini?" Nikamjibu, "Huwezi kuelewa." Jibu baya kuliko yote niliyotoa mwaka ule, na nililitoa bila hata kumtazama.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Hakulalamika pia. Alihamisha mifuko kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na kutoka wa kushoto kwenda wa kulia, na mimi ndani ya duka nilikuwa naisikia ile mifuko ikikwaruzana. Ndipo nilipoanza kununua vibaya. Kitambaa nilichokuwa nakitafuta rangi ya chai nikakiacha nikachukua cha rangi ya udongo kwa sababu kilikuwa karibu. Duka la mwisho muuzaji akaniambia kuhusu pamba ya tabaka, ile inayozungushwa kama jora na kuuzwa kwa mita, "Hii pamba tupu, mama, wala usifungue." Nami sikufungua. Nikachukua na yadi 3 za kitambaa cheupe kwa maneno hayo hayo.

Tulipanda gari saa 10 na nusu, yaani katikati ya foleni ya jioni. Hakusema kitu mpaka tumepita Bunju. Kisha, akitazama dirishani, akasema: "Wapagazi wa zamani walikuwa na bahati. Wao walifika Bagamoyo wakabwaga mzigo. Mimi nautoa Kariakoo naupeleka Bagamoyo."

Mtu wa nyuma yetu alicheka. Mimi sikucheka, ingawa nilijua ni mzaha mzuri, maana unagusa miji yote miwili. Bagamoyo wengi wetu tunaisimulia kuwa ni bwaga moyo, mahali misafara ya bara ilipofikia pwani. Na Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi pale. Kwa hiyo mume wangu alikuwa mpagazi kati ya wapagazi, na alikuwa ananuna kwa utaratibu wa kihistoria.

Kiberiti

Kesho yake asubuhi nilitandaza vitu vyote mkekani. Akaja na kikombe chake cha chai, akachuchumaa, akakivuta kile kitambaa cheupe, akachomoa uzi mmoja wa pembeni. Akauwasha kwa kiberiti. Uzi haukuungua kama uzi. Ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi, na harufu yake ilikuwa ya ndoo ya plastiki iliyotupwa jikoni.

"Nani kakwambia hii pamba?"

Akaenda kwenye lile jora la tabaka, akanyofoa kidogo, akawasha. Yaleyale.

Nilijua kipimo hicho, msinielewe vibaya. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanakuwa unga. Wa polista huyeyuka. Mshonaji yeyote analijua hilo, na sikulifanya kwa sababu ya haraka. Ambacho sikukijua ni kwamba yeye analijua kunizidi. Mashua ya mbao inatiwa kalafati: pamba inasokotwa na kugongwa kwa patasi kwenye maungio ya mbao, kisha juu yake inapakwa dawa. Ikinywa maji inavimba, mbao nazo zinavimba, na ufa unafunga. Ya plastiki haivimbi. "Nikitia hii kwenye mashua," alisema, akitikisa kile kinyofoo, "watu wanakunywa maji kabla hawajafika Mbegani." Anashika pamba tangu alipokuwa mtoto wa kazi kwa baba yake.

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema dukani?"

"Uliniuliza?"

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Yaliyobaki ni kueleza namna ulivyolika mpaka ukakatika.

(Niseme kwa haki ya polista: si haramu. Mifarishi mingi duniani ina tabaka la polista katikati. Ni nyepesi na hukauka upesi. Lakini mteja wangu alilipia pamba. Na ukichanganya kiraka cha pamba na cha polista upande wa juu, pamba husinyaa maji ya kwanza na mwenzake hasinyai, mfarishi unakunjamana kama uso wa mgonjwa. Pasi ya moto wa pamba nayo huacha alama ya kung'aa juu ya polista.)

Nilivyofumua

Watu niliowasimulia walinipa ushauri wa aina mbili. Dada yangu alisema, "Mwanamume na vitambaa wapi na wapi? Mwache nyumbani." Jirani akasema, "Mshirikishe, mwambie achague rangi." Ushauri wa dada unafanya kazi, sikatai, na siku nyingi ndio ninaoufuata. Lakini safari ile ningemwacha nyumbani bado ningerudi na pamba ya plastiki, tofauti ni kwamba ningerudi nayo nikiwa na furaha. Wa jirani niliujaribu zamani. Nilimwekea vitenge vitatu, nikamwambia achague. Akasema, "Vyote vizuri." Ukimpa mtu uamuzi ambao hana haja nao, atakurudishia kama alivyoupokea.

Turudi kwenye "nitakupeleka". Kwa mume wangu, kumpeleka mtu ni kumfikisha. Humpeleka mgonjwa zahanati, humpeleka mtoto shule, ukishafika unageuka au unatafuta kivuli. Alifikiri atanifikisha Kariakoo, kisha atapita Gerezani kutazama vifaa, atakunywa kahawa, nami nitamwita nikimaliza. Mimi nililisikia neno lile nikaelewa kusindikizwa, mtu aje awe nami bega kwa bega kama shoga. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Neno moja, safari mbili, na hakuna aliyeuliza kwa sababu baada ya miaka 27 mtu huona aibu kumuuliza mwenzake maana ya neno.

La pili lilikuwa hesabu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo saa zilipoliwa.

Nilienda bila kupiga hesabu. Nilikuwa na picha kichwani tu. Hebu nipige sasa. Mfarishi wa inchi 81 kwa inchi 94 na nusu unatosha kitanda cha futi 5 kwa 6 na kushuka pembeni. Nikikata viraka vya inchi 5 na kushona kwa robo inchi kila upande, kila kiraka kinabaki inchi 4 na nusu. Hapo nahitaji viraka 18 kwa upana na 21 kwa urefu, jumla 378. Kitenge chenye upana wa inchi 44 kinatoa viraka 8 kwa safu, na nusu yadi inatoa safu 3, yaani viraka 24. Kwa hiyo vitambaa 16 tofauti, nusu yadi kila kimoja, vinanipa viraka 384, na sita vya akiba. Bitana ni rahisi zaidi: kitenge kimoja kizima cha yadi 6, kikatwe katikati na kuungwa, kinatoa shuka la inchi 87 kwa 108. Kinatosha.

Ukiitazama hesabu hiyo unaona tatizo papo hapo. Nusu yadi, mara 16. Nani Kariakoo atakukatia nusu yadi mara 16? Kitenge kinauzwa kizima, kanga inauzwa doti. Sasa mimi na shoga yangu tulikuwa tunafanyaje siku zote? Tulikuwa tunanunua vizima na kugawana na wenzetu wawili hapa mtaani. Shoga hakuwa wa kunipa kampani tu; alikuwa nusu ya pochi. Alipokosekana, nikawa nazunguka duka baada ya duka kutafuta anayekata kidogo, na yule mlangoni akawa anadhani nazunguka kwa kupenda kuzunguka. Na mimi mwenyewe nilidhani hivyo! Nilijilaumu kwa uchelewaji na yeye alinilaumu kwa uchelewaji, kumbe biashara yenyewe haikuwezekana tangu nyumbani.

Siku yenyewe sitaisemea sana. Mwisho wa mwezi, Jumamosi, usiende. Siku za kukaribia Idi usiende. Ijumaa maduka mengi hufunga wakati wa sala. Jumanne au Jumatano katikati ya mwezi, basi.

Halafu kuna kusimama. Hili nililidharau kuliko yote. Mimi pia nilikuwa nimesimama saa zile zile, lakini nilikuwa nimesimama nikifanya kazi. Kusimama bila kazi, na mikono imejaa, na hujui mwisho ni saa ngapi, ni kitu kingine kabisa. Nilimwambia asubuhi, "Hatutachelewa." Neno hilo halina saa ndani yake.

Safari ya pili

Ilipita miezi minne. Safari hii ni mimi niliyeomba tuende pamoja, na niliomba kwa sababu ya kiberiti.

Jioni ya kabla ya safari tulikaa barazani na karatasi. Nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilimwambia atoe orodha yake kwanza. Akasita, akasema hana haja na kitu. Nikanyamaza. Baada ya muda akasema, labda misumari ya shaba, kama ipo. Na msasa. Na brashi. Na pamba ya kalafati, maana aliyokuwa akiletewa siku hizi haimridhishi. Orodha yake ikawa ndefu kuliko yangu.

Ndipo akaniuliza lile swali ambalo kila asiyeshona analo moyoni: "Hivi kwa nini unachukua kitu kizima, unakikata, halafu unakiunga tena?"

Safari hii sikusema "huwezi kuelewa". Nilimwambia habari ya kanga kama nilivyoipokea: kwamba kabla hazijachapwa nzima, wanawake wa mwambao katika karne ya 19 walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyokuja na Wareno na jina lao, vikiwa havijakatwa kutoka kwenye jora. Wanachukua sita, wanavikata vitatu vitatu, wanaviunga viwe shuka moja. Zikaitwa leso za kushona. Kanga anayoniona nayo kila siku ilianza kama kiraka.

Akafikiri. "Basi na mashua," akasema, akaendelea na orodha yake ya misumari.

Mpango tuliouandika ulikuwa mfupi. Kutoka Bagamoyo baada ya sala ya alfajiri. Saa 3 na nusu tunaagana mwanzo wa Mtaa wa Uhuru, penye maduka ya kanga na vitenge. Yeye anashuka Gerezani, mimi nabaki. Kila mtu na mifuko yake. Saa 7 kamili tunakutana kwenye mgahawa fulani wa pilau tunaoujua wote, na hakuna kupigiana simu katikati, kwa sababu "uko wapi?" ndani ya Kariakoo haina jibu. Baada ya kula, duka moja tu la pamoja, la pamba. Saa 9 tuko ndani ya gari. Nami nilikuwa nimekusanya hela za wenzangu watatu kabla, nanunua vitenge vizima vinane na doti nne za kanga, tutagawana nyumbani.

Ilikwenda. Muda ule wote nilinunua kwa utulivu ambao sikuukumbuka. Nilikataa maduka mawili bila kujieleza kwa mtu. Nilisoma majina ya kanga polepole, maana jina la kanga mimi silikati; nalitoa zima nikalitia kwenye ukingo wa mfarishi, kwa hiyo lazima liwe jina ambalo mtu anaweza kulala nalo. Saa 6 na dakika 50 nilikuwa mgahawani.

Saa 7 hakuja. Saa 7 na robo hakuja. Meza zilikuwa zimejaa, nikasimama mlangoni na mifuko sita, nikimpisha kila anayeingia. Mpishi akaniambia, "Mama, sogea kidogo upande huu." Nikahamisha mifuko kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Alifika saa 7 na dakika 35, anang'aa. Amekutana na fundi wa mashua wa Kunduchi, wamesimama wanazungumza mbao, kwamba mvule mzuri siku hizi haupatikani na watu wanaunda kwa mbao za mwembe. Hata hakujua kachelewa. Na hapa natimiza ahadi ya mwanzo: nilinuna. Nilinuna sahani nzima ya pilau. Mpango wetu ulikuwa umeandikwa kana kwamba anayechelewa ni mimi tu.

Kisha duka la pamba. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Mume wangu akaomba uzi mmoja, akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti. Kijana akaruka kutoka nyuma ya meza. "Mzee, hapana! Humu moto hatuna utani nao!" Na haki yake. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na hakuna mwenye duka eneo lile anayemtazama mtu wa kiberiti kwa jicho jema. Mzee akaomba radhi, akatoka na uzi wake na kinyofoo cha tabaka, akavuka kwa mama lishe aliyekuwa na jiko la mkaa pembeni, akamwomba ruhusa, akachuchumaa. Nilimwona anaunusa moshi, anayasaga majivu kwa vidole, anamwonyesha mama lishe, mama lishe naye ananusa.

Akarudi. "Kitambaa pamba. Hili tabaka limechanganywa." Kijana, badala ya kubisha, akasema kweli, limechanganywa, na la pamba tupu liko juu, bei yake ni nyingine. Nadhani angeniambia hata mimi kama ningeuliza vile. Lakini mimi siulizi vile. Mimi nauliza, "Hii pamba?" na mtu anajibu, "Pamba."

Lipo jambo moja ambalo halikuwa kwenye mpango. Nilikuwa nimetandaza vitenge vyangu mezani kulinganisha na bitana, naye amesimama hatua tano nyuma, macho ameyabana kama anayetazama tanga upeoni. Akasema, "Hivi viwili ni kimoja." Nikamwambia hapana, hiki chekundu, hiki kijani. "Najua rangi. Kwa mbali ni kimoja." Mfarishi ule niliupanga kwa mawimbi, giza na mwanga vinapishana mshazari, na wimbi halitokani na wekundu au ukijani, linatokana na kipi kimekoza na kipi kimepauka. Nikapiga picha kwa simu, nikaitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Vilikuwa kimoja. Vikikaa jirani, wimbi lingekufa pale. Mimi niliyeko karibu nilikuwa nimelewa rangi.

Sitaki kulikuza hili. Alisema mara moja, dakika moja, kisha akauliza kama tunaondoka. Ilikuwa saa 9 kasoro robo. Tulifika nyumbani kabla ya magharibi.

Kwa mwenye kupanga safari kama hii, nitaongeza neno moja kwenye karatasi yetu, nalo tumeshaliongeza: anayefika wa kwanza aagize chakula na akae. Kiti kitafutwe kabla ya kitu kingine chochote.

Ile pamba ya plastiki ya safari ya kwanza ilikaa chini ya kitanda muda mrefu. Sikuweza kuirudisha, sikuweza kuitumia kwa mteja. Mwishowe mume wangu aliiomba. Anataka mto wa kukalia anapogonga kalafati ubavuni mwa mashua, maana magoti si yale ya zamani, na kitu kisichonywa maji ndicho hasa anachotaka chini yake. Nimemshonea kwa mabaki ya vitenge. Nilimwekea vipande achague.

Akasema vyote vizuri.